Suruali ya Theluji: Usitazame Unene, Tazama Maji

Askari wa nchi za joto anapopata safari ya masomo katika nchi ya theluji, jambo la kwanza analoulizia ni koti. Hununua koti zito, kofia ya sufu na glavu, kisha miguuni huvaa suruali ileile ya jinzi aliyotoka nayo nyumbani. Hapo ndipo anapokosea. Baadhi ya misuli mikubwa zaidi mwilini imo mapajani, na viungo vinavyogusana na theluji mara kwa mara ni magoti na makalio. Koti likimkinga kifua huku suruali ikimloa, baridi itakuwa imepata mlango, nayo haina adabu ya kubisha hodi.

Ndugu wasomaji, makala haya yanahusu suruali za kuvaa wakati wa kuteleza juu ya theluji, ama kwa skii, yaani mbao mbili ndefu zinazofungwa miguuni, ama kwa ubao mmoja mpana ambao mtu husimama juu yake kiubavu. Huenda msomaji akauliza: jambo hili latuhusu nini sisi tunaoishi karibu na mstari wa Ikweta? Latuhusu. Maafisa na askari wetu husafiri kwenda vyuo vya ng'ambo ambako majira ya baridi huwakuta darasani na kiwanjani. Tena hata katika bara letu wapo wanaoteleza: huko Lesotho, kituo cha Afriski kiko juu zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, na nchini Morocco kipo kituo cha Oukaïmeden katika milima ya Atlas. Na kanuni zinazomlinda mtelezaji wa Ulaya ndizo zitakazomlinda askari anayepanda Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109.

Kanuni hizo zote zatokana na neno moja. Suruali ya theluji haichaguliwi kwa unene wake. Huchaguliwa kwa namna inavyoyashughulikia maji. Na maji hayo ni ya aina mbili: yale yatokayo nje, ambayo ni theluji iliyoyeyuka, na yale yatokayo ndani, ambayo ni jasho la mvaaji mwenyewe.

MCHEZO ULIOZALIWA NA ULINZI

Yafaa kwanza ieleweke kwamba skii si mchezo wa matajiri tu. Kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya zilikuwa chombo cha usafiri, cha uwindaji na cha vita kwa karne nyingi. Mwaka 1767 askari wa doria wa mpaka wa Norway na Sweden walishindana kwa skii na bunduki. Mwaka 1924, katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Chamonix, Ufaransa, yalikuwako mashindano ya doria ya kijeshi. Kutoka katika asili hiyo ukakua mchezo wa kuteleza na kulenga shabaha ulioingia rasmi katika Olimpiki mwaka 1960. Ubao mmoja, kwa upande wake, ni wa juzi tu. Mwaka 1965 Mmarekani Sherman Poppen, wa Muskegon katika jimbo la Michigan, aliziunganisha skii mbili ili binti zake wachezee, na mwaka 1998 mchezo wa ubao ulikubaliwa katika Olimpiki ya Nagano, Japani.

Katika Olimpiki hiyohiyo ya Nagano alishiriki Philip Boit, Mkenya wa kwanza kushindana katika Olimpiki ya majira ya baridi. Alikimbia kilomita 10 kwa skii akawa wa 92, yaani wa mwisho, takriban dakika 20 baada ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway. Bingwa huyo alimsubiri kwenye mstari wa kumalizia ili amkumbatie. Wengi huikumbuka habari hiyo kwa ajili ya utu wake, na wanayo haki. Lakini imo ndani yake pia hali mbili za mwili anazozijua kila askari: mwili unaokimbia na mwili unaosubiri. Anayekimbia huwaka kama tanuri. Anayesubiri hupoa kama chungu kilichoondolewa jikoni. Suruali iliyo njema ni ile inayozifaa hali zote mbili.

FUNZO LA CHOSIN

Historia ya vita imejaa mifano ya majeshi yaliyoshindwa na baridi kabla ya kushindwa na adui. Wajerumani walifika karibu na Moscow mwaka 1941 bila mavazi ya kutosha ya majira ya baridi, na zaidi ya askari laki moja wao walijeruhiwa na baridi katika msimu huo. Walakini mfano unaofundisha zaidi kuhusu maji ni ule wa bwawa la Chosin, katika milima ya Korea ya Kaskazini, mwezi wa Novemba na Desemba mwaka 1950. Usiku baridi ilishuka hadi nyuzi 30 za Sentigredi chini ya sifuri, na hata kupita hapo.

Kikundi cha Jeshi la 9 la China kilipelekwa huko kwa haraka. Askari wake wengi walikuwa na viatu vya turubai na sare zilizojazwa pamba, zilizoshonwa mistari mistari kama godoro. Sare hiyo ilikuwa nene, na pamba ikiwa kavu hutunza joto vizuri. Lakini pamba hunywa maji, ikishayanywa haiyaachi upesi, na baridi ikizidi nguo yenyewe huganda. Takriban askari elfu thelathini wa kikundi hicho walijeruhiwa na baridi, na maelfu wakafa kwayo. Wako waliokutwa wamelala katika mahandaki yao ya kuvizia, silaha mikononi, wameganda.

Upande wa pili, Wanamaji wa Marekani walikuwa na vifaa bora zaidi, nao vilevile walipata majeruhi wa baridi kwa maelfu. Buti zao za majira hayo zilikuwa na sehemu ya chini ya mpira usiopitisha maji kabisa. Maji ya nje hayakuingia, ni kweli, lakini jasho nalo halikupata pa kutokea. Askari alipotembea, miguu ilitoka jasho. Aliposimama kulinda, jasho lile likaganda ndani ya buti.

Hapo ndipo palipo na funzo zima la makala haya. Mmoja alivaa kitu kinene kinachonywa maji. Mwingine alivaa kitu kinachozuia maji ya nje na kuyafungia yale ya ndani. Wote wawili walipatwa na jeraha moja. Sababu yake ni ya kimaumbile: maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Nguo haitoi joto. Joto ni la mwili wako. Kazi ya nguo ni kushika hewa iliyotulia kuzunguka mwili. Maji yakiingia mahali pa hewa ile, nguo yako, hata ingekuwa na unene wa mkeka, imekwisha kazi.

TABAKA TATU BADALA YA MOJA

Wafini waliijua siri hiyo kwa kurithi. Katika Vita vya Majira ya Baridi dhidi ya Urusi ya Kisovieti, vilivyoanza tarehe 30 Novemba 1939 na kumalizika tarehe 13 Machi 1940, askari wao wengi wa akiba hawakupata sare kamili. Walipewa mkanda na nembo ya kofia, wakapigana na nguo zao za nyumbani. Lakini nguo hizo za nyumbani zilikuwa za sufu, zilizovaliwa moja juu ya nyingine, na juu yake wengi walivaa vazi jepesi jeupe la kukata upepo na kumficha mtu katika theluji. Vazi lile la nje lilikuwa jembamba kabisa. Joto lilikuwa ndani, katika tabaka za sufu na hewa iliyokaa kati yake.

Mpaka leo utaratibu ni huohuo. Tabaka la kwanza ni suruali ya ndani ndefu, inayobana mwili kiasi, ya sufu laini au ya poliesta. Kazi yake ni kuliondoa jasho kwenye ngozi. Sufu inayo sifa ya pekee: yaweza kushika mvuke unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla ya mvaaji kuhisi unyevu. Suruali ya ndani ya pamba haifai hata kidogo, ijapokuwa ni ya bei nafuu na laini mwilini. Tabaka la pili ni la joto, nalo huvaliwa au kuvuliwa kulingana na baridi na kazi. Tabaka la tatu ni suruali ya nje, ambayo ndiyo tunayokwenda kuinunua dukani. Kazi yake ni kuzuia theluji, maji na upepo, huku ikiuruhusu mvuke kutoka.

Kwa hiyo mnunuzi atakutana na aina mbili kubwa za suruali ya nje. Ya kwanza ni ganda tupu, haina kitu ndani isipokuwa bitana nyepesi au haina kabisa. Ya pili imejazwa nyuzi za kutunza joto. Iliyojazwa yamfaa anayeanza kujifunza, ambaye husimama sana kumsikiliza mwalimu na kuanguka mara nyingi, na yamfaa pia mtu wa mahali penye baridi kali na kavu. Ganda tupu lamfaa mwenye kazi nyingi, kwani anaweza kuongeza au kupunguza nguo za ndani. Mwenye fedha za suruali moja tu, na asiyejua atapelekwa wapi, heri achukue ganda tupu lenye nafasi ya kutosha ndani. Ganda laweza kuongezewa joto kwa kuvaa kitu ndani yake, lakini iliyojazwa haiwezi kupunguzwa.

MAANA YA NAMBA

Mpaka miaka ya 1970, mnunuzi alikuwa na uchaguzi mgumu. Ziliwahi kupendwa sana suruali za kubana na kuvutika, zenye mkanda wa kupita chini ya wayo, zilizoenezwa na Maria Bogner wa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Zilimpendeza mvaaji, lakini theluji mbichi haikuona taabu kuzipenya. Aliyetaka kukauka alivaa nailoni iliyopakwa mpira, akalowa kwa jasho lake. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Gore aligundua kwamba plastiki ya aina fulani, ikipashwa moto na kuvutwa kwa ghafla, huwa utando wenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Tone la maji ni kubwa mno kupita katika vitundu hivyo, lakini mvuke wa jasho hupita. Utando huo, uliopewa jina la Gore-Tex, na nyingine nyingi zilizoufuata, hubandikwa kwa ndani ya kitambaa.

Ndiyo maana leo suruali nyingi za theluji huwa na kikaratasi chenye namba mbili. Namba ya kwanza hupima uwezo wa kuzuia maji, kwa milimita. Kitambaa huwekwa chini ya safu ya maji iliyosimama, kisha kimo cha maji huongezwa mpaka yaanze kupenya. Namba 10,000 maana yake ni kwamba kitambaa kimestahimili safu ya maji ya mita 10. Namba ya pili hupima gramu za mvuke zinazoweza kupita katika mita mraba moja ya kitambaa kwa muda wa saa 24. Kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo jasho linavyopata njia.

Mtu atashangaa: theluji gani yenye uzito wa safu ya maji ya mita 10? Jibu ni kwamba uzito si wa theluji, bali ni wako mwenyewe. Tuchukue mtu wa kilo 75 anayepiga goti moja. Uzito wake wote ukiangukia eneo la sentimita mraba 50, kila sentimita mraba inabeba kilo moja na nusu, na hiyo ni sawa na safu ya maji ya mita 15. Basi suruali ya 5,000 itamfaa anayesimama katika theluji kavu kwa muda mfupi. Ya 10,000 hutosha siku nyingi za kawaida. Anayepiga magoti, anayekaa chini au anayefanya kazi katika theluji mbichi atafute 15,000 au 20,000.

Tena tusidanganyike na kipimo cha joto. Theluji ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni kavu kama unga. Hupanguswa kwa mkono ikaanguka. Theluji iliyo karibu na nyuzi sifuri ndiyo inayoloanisha. Hii ndiyo hali ya Ruwenzori, milima yenye mvua nyingi, ukungu na matope, ambako askari aliyekesha akilinda mteremkoni anaweza kupatwa na ubaridi wa hatari hata kama maji hayajaganda.

USIPOZIBA UFA

Kitambaa kizuri pekee hakitoshi. Kila mshono ni mstari wa matundu ya sindano, na kila tundu ni mlango. Ipindue suruali, uitazame kwa ndani. Utaona mishono imefunikwa kwa utepe uliobandikwa kwa moto. Katika suruali za bei ya chini, utepe huwekwa kwenye mishono michache tu. Katika zilizo bora, mishono yote imezibwa. Tazama hasa mshono wa makalio, wa katikati ya miguu na wa magoti. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huku, anayedharau mshono atalala na suruali mbichi.

Baada ya mishono, tazama zipu. Suruali ya kazi huwa na zipu ndefu kwenye mapaja, za kufungua ili hewa ipite. Wengi huziona kuwa ni pambo, kumbe ni za maana sana. Mfikirie askari polisi wa kikosi cha uokoaji cha milimani, kama wale wa gendarmerie ya Ufaransa walioko Chamonix, ambao tangu mwaka 1958 wamekabidhiwa kazi hiyo. Hupanda mlima kwa nguvu huku amebeba vifaa, halafu hupiga magoti kando ya majeruhi kwa muda mrefu bila kusogea. Akipanda na zipu zilizofungwa, atafika amelowa kwa jasho, na majeruhi watakuwa wawili. Kanuni ni kuzifungua kabla ya jasho kuanza na kuzifunga kabla ya kusimama. Anayengoja mpaka ahisi baridi amechelewa.

SKII NA UBAO SI KITU KIMOJA

Suruali ya skii na ya ubao hufanana, lakini kazi zao zatofautiana. Mtelezaji wa skii hubaki amesimama karibu muda wote. Skii zake zina kingo za chuma kali kama kisu, na mguu mmoja hupita karibu na mwingine. Kwa hiyo suruali yake lazima iwe na kipande cha kitambaa kigumu upande wa ndani wa vifundo, la sivyo itachanika katika siku chache. Mkato wake huwa mwembamba kiasi, usipepee kwa upepo.

Mpanda ubao hukaa chini au hupiga magoti ili kufunga na kufungua miguu yake, na anayejifunza hukaa bila kupenda, mara nyingi kwa siku. Kwake yeye makalio na magoti ndiyo yenye hatari. Atafute suruali iliyoongezwa kitambaa sehemu hizo, yenye namba kubwa ya kuzuia maji, na pana kidogo ili aweze kuchuchumaa na kuvaa vikinga magoti kwa ndani. Mwenye kutaka suruali moja kwa michezo yote miwili achague ile yenye makalio na magoti imara kama ya ubao, na vifundo vilivyokingwa kama vya skii.

Kuna na yule wa tatu: mkimbiaji wa masafa marefu kwa skii, au askari wa doria anayetembea siku nzima. Huyu mwili wake hutoa joto jingi, naye akivaa suruali nzito ataiva humo. Yafaa avae nyepesi inayokata upepo, na suruali ya joto ya akiba aiweke mkobani kwa ajili ya mapumziko. Akiba haiozi.

KIPIMO CHA DUKANI

Usinunue suruali ya theluji kwa kuiweka kiunoni mbele ya kioo. Ivae pamoja na suruali ya ndani, kisha uchuchumae kabisa, uinue goti mpaka kifuani, upige hatua ndefu, ukae sakafuni na kuinuka. Ikibana popote, iache. Nguo inayobana hupunguza mwendo wa damu, na mguu usiopata damu hauna wa kuupasha joto. Tena hubana hewa iliyo kati ya tabaka, ambayo ndiyo joto lenyewe. Lakini isiwe pana kama gunia, maana itaokota theluji na kukutega.

Kiunoni iwe juu ya kutosha, hata ukiinama mgongo usibaki wazi. Walio wengi huchagua suruali yenye mikanda ya mabegani, kwa sababu haishuki na haikazi tumbo. Ile yenye kifua, kama ovaroli ya fundi, huzuia theluji isiingie mtu anapoanguka. Ubaya wake ni usumbufu wa kwenda haja, basi hakikisha ina zipu za kufaa.

Chini kabisa, suruali lazima ifike juu ya buti na kuifunika. Kwa ndani huwa na mfuko mfupi wenye mpira unaozungushiwa buti ili theluji isipande. Usiiingize suruali ndani ya buti kamwe. Hata suruali ya ndani yafaa iishie juu ya shingo ya buti la skii. Ndani ya buti ibaki soksi moja tu, nyembamba na isiyo na mikunjo. Mkunjo mdogo utakuwa lengelenge kubwa kabla ya adhuhuri.

Mifuko iwe na zipu, na usiweke humo funguo, kisu wala kitu chochote kigumu, kwani siku ya kuanguka kitu hicho kitaingia pajani. Baadhi ya suruali hushonewa kipande kidogo kinachorudisha mawimbi ya redio, kiitwacho RECCO, kilichobuniwa Sweden, ili waokoaji wamtafute aliyefukiwa na poromoko la theluji. Ni msaada mzuri, lakini hakikufanyi uwe salama mahali pa hatari.

Rangi nayo ina maana yake. Raia achague rangi inayoonekana: nyekundu, njano au buluu, apate kuonekana akipotea. Nyeupe ni ya askari aliye kazini, tena kwa amri. Mwenye kazi ya doria azingatie pia sauti: nailoni ngumu hupiga kelele mapaja yanaposuguana, na usiku wa theluji husikika mbali. Na wote wakumbuke kwamba vitambaa hivi huyeyuka karibu na moto. Usiikaushe suruali yako juu ya jiko.

UTUNZAJI

Kitambaa cha nje hupakwa dawa inayofanya maji yawe matone na kuteleza, kama juu ya jani la yungiyungi. Dawa hiyo huisha. Ukiona maji yanaenea na kukilowesha kitambaa, ujue utando wa ndani haujatoboka, lakini umefunikwa na maji na mvuke hautoki tena. Fua suruali kwa sabuni laini, suuza sana, usitumie dawa ya kulainisha nguo. Kisha ikaushe kwa joto la wastani kama kikaratasi chake kinaruhusu; mara nyingi joto hilo huihuisha dawa iliyobaki. Ikishindikana, nunua dawa mpya upake.

Zamani dawa nyingi za namna hiyo zilitengenezwa kwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo hazioshwi na mvua wala kuozeshwa na udongo, bali hubaki katika maji na katika miili ya viumbe kwa muda mrefu sana. Ndiyo sababu jimbo la California nchini Marekani lilianza mwaka 2025 kuziwekea mipaka katika nguo mpya, na watengenezaji wengi wamegeukia dawa nyingine. Dawa hizo mpya huhitaji kurudiwa mara nyingi zaidi, basi mvaaji awe na bidii ya kufua na kupaka.

NENO LA MWISHO

Ndugu askari, posho ya safari ni ndogo na maduka ya ng'ambo yana mapambo mengi. Mwuzaji atakuonyesha rangi, jina na chapa. Wewe muulize mambo manne: kitambaa kinazuia maji kwa kiasi gani, mvuke unatokaje, mishono imezibwa yote au nusu, na zipu za mapajani ziko wapi. Asipojua, pindua suruali utazame mwenyewe. Kama huna uwezo wa kununua, vituo vingi vya kuteleza hukodisha suruali. Ikague kwa maswali yayo hayo, maana nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ya kukodi iliyochakaa haizuii maji.

Na ukiwa juu ya theluji, mwangalie mwenzako kama unavyomwangalia katika doria. Akianza kutetemeka bila kujizuia, akaongea kama mlevi, au akasema hahisi tena vidole vyake, mwondoe katika upepo, mvue nguo mbichi, mvike kavu, kisha mtafutie daktari. Usiyasugue maungo yaliyoganda, wala usiyapeleke karibu na moto. Baridi haimbagui afisa wala kuruta. Humwendea kwanza aliyelowa.